Picha Haioni Kucha

Kwetu Ludara, karibu na mpaka wa Sudan, mgeni akifika, mama wa nyumba ndiye anammwagia maji. Unapiga magoti na jagi, beseni iko chini, mgeni ananyoosha mikono na wewe unamwaga polepole. Wakati huo macho ya mgeni yako kwenye mikono yako, maana ndiyo iliyopika.

Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Si jana wala juzi. Kilianza kama punje ya karanga chini ya ngozi, kwenye pingili ya chini, ile inayoshikana na kiganja. Hakikuuma. Nikakizoea kama mtu anavyozoea jiwe lililo kwenye njia yake ya kisimani. Mtoto wangu wa mwisho alipokuwa ananyonya, alipenda kukishika hicho hicho. Miaka ikaenda, kikawa kinene kama kidole cha mtu mwingine kilichokuja kukaa kwangu. Nilienda nacho shambani, nilienda nacho kanisani. Nilienda nacho hata kwenye darasa la jioni la watu wazima, nilikojifunza kuandika nikiwa mama mzima. Kilikuwa kinainua mkono wote kwenye karatasi, na maandishi yangu yakawa yanapanda. Mwalimu alisimama nyuma yangu siku moja akasema, “Mama, huu mstari wako unaenda Sudan.” Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Lazima nieleze jambo moja, maana mtu wa mbali hatalijua. Huku kwetu watu wanaogopa sumu ya mkono. Wanasema kuna mtu anaificha chini ya kucha ya kidole kidogo, na akikupa chakula au pombe, anachovya ncha ya kucha tu, basi. Sumu hiyo sijaiona kwa macho yangu. Makaburi ambayo watu wanasema imeyachimba, hayo nimeyaona. Ndiyo sababu wanawake wa huku tunakata kucha mpaka kwenye nyama, na mimi zangu nakata kila Jumamosi kabla ya ibada. Lakini kuna maneno mengine yanayosemwa, na hayo nilikuwa siyajui: kwamba sumu ikikosa mtu wa kumla, inamgeukia mwenye kuificha. Kidole chake kinavimba.

Binti yangu wa kwanza alipata kijana wa Logiri, huko mbele ya Arua. Walikutana Arua mjini, binti akifanya kazi kwenye duka la vitambaa. Kijana mpole, anasali. Watu wake wakatuma neno kwamba wanakuja kutuona, na mimi nikaamka nikasonga enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na ulezi, nikapika angara kwenye simsim, yule samaki mkavu ambaye harufu yake inaita watu kutoka barabarani.

Aliyewaongoza alikuwa shangazi ya kijana, dada ya baba yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuimbisha kanisa. Yeye ndiye aliyemlea. Nikapiga magoti mbele yake na jagi.

“Mama, umetutesa na hii harufu tangu kwenye lango,” akasema, akinyoosha mikono.

Nikamwaga maji. Macho yake yakashuka. Nikaona mikono yake inarudi kwenye gauni ikiwa imeloa nusu.

“Mimi leo nimefunga,” akasema.

Mume wangu akacheka. “Umefunga siku ya ukwe?”

“Mungu hana kalenda ya ukwe, baba.”

Basi na wengine wakafunga, mmoja mmoja, kama watu wanaopokezana wimbo. Mzee mmoja alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha kwenye ukingo wa sahani, polepole, akafuta vidole. Waliongea vizuri, walicheka, walisifu mbuzi zetu. Siku ya kurudi hawakutaja. Walipoondoka, lile tonge lilikuwa bado pale, na alama za vidole vyake juu yake.

Binti yangu alikuwa jikoni amekaa juu ya kinu.

“Mama, kwa nini hukuniacha nimwage maji mimi?”

“Tangu lini mtoto anawamwagia wakwe maji mama yake akiwepo?”

“Wameona kidole yako.” Hakuniangalia. “Mwenzangu amenipigia simu kutoka kwenye gari. Shangazi amesema hawawezi kuoa mahali hawawezi kula.”

Nikacheka kwanza. Kisha nikaelewa, kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuwa nimepika kwenye misiba ya nusu ya Ludara. Nikaanza kukumbuka nani alikula na nani alisema ameshiba.

Sikumtukana mtu. Niliingia chumbani nikapiga magoti, safari hii bila jagi. Nikasema: Bwana, Wewe unajua iko nini ndani ya kidole hiki. Mimi sijui, na wao hawajui. Tuonyeshe. Sikuomba kipone. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuomba kipone.

Baada ya muda si mrefu nilikuwa nafua nguo za watoto za shule. Nikakamua shati. Shati tu, si blanketi. Nikasikia ndani ya mkono mlio kama wa kijiti cha muhogo mkavu kikivunjika, na kidole kikalala upande. Nikakaa chini kwenye povu la sabuni.

Koboko mjini, daktari wa kliniki alikishika kwa ncha za vidole vyake, akakunja uso. “Mama, mfupa mzima hauvunjiki kwa kukamua shati. Hapa iko kitu kingine. Nenda Arua, wakupige picha.”

Neno hilo, kitu kingine, nilisafiri nalo lami yote mpaka Arua. Binti alikuwa ananisubiri. Nilijua anafikiria lile neno ambalo watu hawapendi kulitaja, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalifikiria. Saratani ilimchukua mama yangu mdogo kutoka kwenye goti mpaka kwenye mapafu.

Kwenye chumba cha picha waliniweka mkono juu ya ubao baridi, wakaniambia nisitikisike. Nikangoja maumivu. Mashine ikalia tik, kama komeo ya mlango, wakasema nitoke.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, na viatu vya mpira. Alichukua ile picha akaisimamisha dirishani. Nikaona mkono wangu.

Sijui niseme vipi. Nimezaa, nimeosha maiti, nimechinja kuku wasiohesabika. Nilifikiri najua mtu ameumbwa vipi. Lakini pale dirishani ulikuwa mkono wangu mwenyewe bila nyama, vijifupa vyote vimepangwa kama mtu aliyepanga hakuwa na haraka, kila kimoja na kiuno chake chembamba na vichwa vyake viwili. Mkono huu ndio umesonga enyasa miaka yote, na ndani yake kulikuwa na kazi nzuri namna ile, na mimi sijawahi hata kuiwaza. Nikasema kimya, Bwana, kumbe.

“Angalia hapa,” daktari akasema.

Kidole kidogo. Pingili ya chini ilikuwa imefura kama povu la sabuni linalopulizwa na mtoto. Ndani palikuwa peusi, na vidoadoa vyeupe kama mtu amenyunyiza chumvi. Ukuta wa mfupa ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai, na upande mmoja ulikuwa na ufa.

“Ni saratani?” binti akauliza. Mimi nisingeweza.

“Kwa ninavyoona, hapana.” Akapitisha kalamu kwenye ukingo. “Ule ubaya unakula ukuta unatoka nje, unaenda kwa majirani. Huyu amekaa ndani ya nyumba yake miaka na miaka, amesukuma kuta tu. Nyumba ikachoka, ikapasuka. Lakini neno la mwisho nitalisema baada ya wenzangu wa darubini kuangalia nitakachotoa.”

“Ni nani huyo ndani?” nikauliza.

Akacheka kidogo. “Mama, unakula kuku? Ile nyeupe laini kwenye ncha ya mfupa, inayolia ukitafuna?”

“Hiyo watoto wanaigombania.”

“Basi hiyo. Inaitwa gegedu. Ulipokuwa tumboni kwa mama yako, mifupa yako karibu yote ilikuwa gegedu kwanza. Ikageuka mfupa polepole, mpaka ukawa msichana mkubwa. Hapa kidogo ilisahaulika. Haikugeuka. Ikakaa ndani, ikaongezeka kidogokidogo.”

Nilikuwa mama wa zaidi ya miaka arobaini, na kumbe nilikuwa natembea na kipande cha utoto wangu ambacho hakikusikia kengele ya kukua. Watu walikiita sumu.

Hakukata siku ile. Alisema mfupa uungane kwanza. Akakifunga kidole kibovu pamoja na jirani yake mzima, kama ng'ombe mwanagenzi anavyofungwa na ng'ombe mzoefu kwenye plau, akaniambia nirudi mfupa ukishashika.

Wakati huo wa kungoja Logiri walikaa kimya. Binti alikuja nyumbani Jumapili moja akasema wanaweza kufunga ndoa Arua wao wawili, bila wazee.

“Shangazi yake amemlea,” nikamwambia. “Ukimchukua kijana kwa nguvu, utapika kila siku na shangazi atakula kwa jirani. Watoto wako watakulia kwenye hayo maneno.”

“Sasa nifanye nini, Mama?”

“Ngoja. Mimi pia nangoja.”

Siku ya upasuaji walinichoma sindano ya ganzi kwapani. Mkono ukaanza kuwa mzito, ukawa moto, kisha ukaondoka. Nilijaribu kuuinua, ukaniangukia kifuani kama mtoto aliyelala. Wakaufunga mpira juu ya kiwiko ili damu isubiri, wakaweka shuka kati ya macho yangu na kazi yao. Nikabaki na masikio.

Nilisikia chombo kinafungua mlango mdogo kwenye mfupa. Halafu nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti zote: kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko ndani ya sufuria.

“Daktari,” nikasema kwenye shuka, “unakwangua ukoko?”

Watu wakacheka nyuma ya vitambaa vyao.

“Ndiyo, Mama. Nikibakiza ukoko, huyu atarudi. Vumilia.”

“Mimi sivumilii, sisikii kitu. Kwangua.”

Akakwangua muda mrefu, pembe zote, anasimama, anaosha, anarudia. Nikawaza, huyu mtoto wa watu mama yake alimfundisha kuosha sufuria. Kisha akaniambia anataka kuazima mfupa kwenye kifundo cha mkono huo huo, karibu na mahali pa kuvaa saa, ajaze lile shimo. “Hapa iko mwingi,” akasema. “Hutaona njaa.”

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na sista akadhani ganzi imeisha. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nafikiria kwamba Mungu aliponiumba aliweka akiba kwenye kifundo, akijua siku moja jirani wa mbele atakuwa mtupu. Na kwamba vipande vile, vikiwekwa kwenye shimo, vitashika. Sisi tunakata kijiti cha muhogo tunakichomeka kwenye shamba lingine, na hakiulizi kiko wapi, kinatoa mizizi. Nilijua hilo la muhogo. Sikujua kama na mimi ni hivyo.

“Unataka kumwona?” daktari akauliza mwishoni. Akaniletea kibakuli. Ndani palikuwa na vipunje vinang'aa, vyeupe vya kuelekea samawati, kama mahindi machanga yaliyopondwa. Vingejaa kijiko kimoja cha chai, basi. Nikaviangalia vizuri. Hivi ndivyo vilivyofanya wageni wangu wafunge. Sikuvichukia. Vilikuwa vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kitandani wodini, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, ncha za vidole tu ziko nje ili sista aangalie kama damu inafika. Mlangoni akatokea shangazi wa Logiri na kikapu kichwani.

“Nimesikia mkwe amekatwa,” akasema. “Mgonjwa hakosi kuonwa. Hata kama iko maneno.”

“Karibu, Mama. Kaa.”

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tuliulizana watu wa nyumbani, mvua, mbuzi. Akaiona ile picha kwenye bahasha yake, akauliza kama anaweza kuiangalia, na binti akaisimamisha dirishani.

Shangazi alisimama mbele yake muda mrefu. Akavigusa vidole kimoja kimoja, akafika kwenye kile kilichofura, akainamia. Akaenda juu, kwenye ncha.

“Kucha iko wapi?”

Daktari alikuwa kitanda cha pili anazungukia wagonjwa, akajibu bila kugeuka: “Picha haioni kucha, Mama. Inaona mfupa.”

“Haioni kabisa?”

“Kabisa.”

“Basi haijanisaidia,” shangazi akasema.

Daktari hakuelewa, akaenda zake kwa wagonjwa wengine. Mimi nilielewa. Nikaona uso wa binti yangu unaanguka. Sisi wote wawili tuliamini ile picha itaongea kwa niaba yetu. Nikasogeza bandeji yangu juu ya shuka kuelekea kwa shangazi, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado na ganzi, kama mkono wa watu.

“Picha haioni, wewe unaona. Angalia mwenyewe, mkwe.”

Akaniangalia machoni kwanza. Kisha akashika ncha ya kidole changu kidogo. Kilikuwa na rangi ya kahawia ya dawa, na kucha imekatwa mpaka kwenye nyama. Akakigeuza, akaangalia chini yake kama mtu anayetafuta funza kwenye mguu wa mtoto. Nilimwona anakishika, sikusikia. Hakukiachia haraka.

“Mimi nilikuwa na mdogo wangu, baba ya kijana,” akasema, bado anakishika. “Alienda kwenye sherehe Adumi. Alirudi anashika tumbo. Alikuwa anacheka vizuri, huyo. Mpaka leo hatujui. Watu walisema, kidole, kidole. Sikukuchukia, Mama. Nilikuogopa. Huyu kijana ndiye niliyebaki naye.”

“Mimi pia ningeogopa,” nikasema, na ilikuwa kweli.

Akafungua kikapu. Enyasa ya moto na majani ya kunde. Binti akachukua sahani aninyooshee, lakini shangazi akamzuia.

“Wewe kaa. Mkono wake umelala. Nitampa mimi.”

Akaosha mikono kwenye beseni ya wodi, akakata tonge, akalichovya, akalinyoosha mdomoni kwangu. Na hapo mimi, mtu wa sala, nikaangalia kucha yake. Niseme kweli, niliangalia. Yeye akaona ninavyoangalia. Mkono wake haukurudi nyuma.

“Angalia vizuri,” akasema. “Ni zamu yako.”

Nikacheka mpaka bandeji ikatikisika, nikafungua mdomo. Lilikuwa tonge kubwa, la mtu aliyezoea kulisha wanaume. Akanipa la pili, na la tatu akala yeye mwenyewe, kwenye sahani ile ile, kwa mkono ule ule uliotoka mdomoni mwangu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, “Nyinyi mtatuua kwa hamu.” Shangazi akamkatia na yeye.

Majibu ya darubini yalikuja baadaye. Daktari alisoma karatasi akatikisa kichwa kwa furaha: gegedu tu, hakuna ubaya ndani yake. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye kiti, kwa sauti, na daktari alingoja nimalize, akasema amina. Alinitahadharisha kwamba mara chache hurudi, niwe nakuja kuangaliwa. Nikamwambia nitakuja. Nakwenda mpaka sasa.

Mvua zilipokaribia kwisha walinipiga picha nyingine. Lile povu halikuwepo. Ndani ya ganda lile jembamba palikuwa pamejaa weupe, mawinguwingu, na ukuta ulikuwa umeanza kunenepa. “Vimeshika,” daktari akasema. Niliitazama ile picha muda mrefu kuliko ya kwanza. Hakuna aliyevifundisha vile vipande kazi. Hakuna aliyesimama juu yao na fimbo. Mimi nilikuwa nalala, nafua kwa mkono mmoja, naimba, nagombana na mbuzi, na huko ndani vilikuwa vinakuwa kidole. Binti akaniambia, “Mama, watu wanangoja kiti.” Nikainuka.

Watu wa Logiri walirudi Ludara muhogo ukiwa umeanikwa juu ya mawe. Kidole changu hakikunjiki chote, na kina kovu jembamba ubavuni, lakini mwiko kinashika. Nilisonga mwenyewe. Ile sufuria kubwa binti alinisaidia kuigeuza.

Nikapiga magoti na jagi. Shangazi akanyoosha mikono, nikamwaga. Wageni wote walikuwa wananitazama mimi na yeye, hata mume wangu aliacha kutafuna kijiti chake cha meno. Shangazi aliosha polepole, mpaka kwenye vifundo, akakung'uta maji, akakata tonge kubwa lile la kwake, akalizamisha kwenye angara. Akatafuna. Yule mzee aliyerudisha tonge safari ile alikuwa anangoja, mkono uko juu ya sahani.

“Shangazi, tuambie,” kijana akasema.

Akameza. Akaniangalia.

“Chumvi imezidi,” akasema, akakata lingine, na yule mzee akashusha mkono kwenye sahani.